Barua kwa Duka Lisilo na Mlango

Mimi ni Rodah Ayuma, fundi wa nguo,
kibanda cha pili ukitoka posho-mili, hapa Luanda.
Mlango wangu unajulikana hata na mbuzi.
Wenu nimeutafuta, sijauona.

Usiku ule wa bei kuporomoka
nilikesha kama mwenye mgonjwa,
simu kwenye chaja, kidole tayari.
Mashine ya kufunga kingo, ya nyuzi nne,
kutoka elfu thelathini na nne
hadi kumi na tisa na mia tano.
Nikabonyeza. Nikalipa. Simu ikatetemeka:
Hongera, Rodah. Oda yako imethibitishwa.
Neno refu hivyo, nikadhani lina mizizi.

Elfu tisa zilikuwa zangu.
Zilizobaki nilikopa kwenye simu,
na mkopo wa simu haulali.

Siku ya tisa mkaandika:
Samahani kwa usumbufu. Oda imefutwa.
Bei iliwekwa kimakosa.

Imefutwa.
Kufuta nakujua. Kila siku nafuta chaki kwenye kitambaa,
lakini baada ya mshono kukaa,
si kabla.

Na kukosea bei nakujua pia.
Mke wa Ombuna alitaka gauni la harusi ya dadake,
nikataja elfu moja mia nane, mdomo ulinitangulia;
kitambaa peke yake kilikula elfu moja mia sita.
Nilishona.
Nilinuna, niliguna, sindano ikanichoma mara mbili,
nikamtukana Ombuna ambaye hakuwa na kosa,
lakini nilishona,
maana pesa alishatoa nami nilishapokea,
na hapa sokoni ukishapokea, bei si yako tena.

Hela mmerudisha, kweli.
Tena si hela: vocha, ya kununulia kwenu,
kama kinyozi aliyekukata sikio
akuahidi kukunyoa bure.

Na siku tisa je, nani anazirudisha?
Riba imekula siku tisa.
Marinda arobaini ya shule yananing'inia hapa
nyuzi zikichomoka kingoni kama ndevu,
na Everlyne, mwanafunzi wangu, anayafunga kwa mkono,
taa ya simu akiibana kwa kidevu.

Asubuhi iliyofuata nikachungulia tena.
Mashine ileile, picha ileile,
doa lilelile la mwanga kwenye gurudumu.
Elfu thelathini na nne. Zimebaki tatu. Harakisha.

Niliwapigia. Sauti tamu: nikusaidieje?
Nikaeleza yote, tangu chaja hadi marinda.
Sauti ikatulia kidogo.
Nikusaidieje?

Mali bila daftari hupotea bila habari,
ndiyo maana ninazo picha saba za kioo cha simu,
zimechapwa, shilingi kumi kila moja,
nimezibana kwa pini kwenye kitabu cha vipimo
kati ya kiuno cha mwalimu mkuu
na mabega ya kasisi.

Katiba nayo nimeisoma, ibara ya arobaini na sita,
kidole chini ya mstari, mara mbili.
Nina haki ya kuelezwa ukweli, na ya kufidiwa hasara.
Sikuona palipoandikwa
isipokuwa usiku wa bei kuporomoka.
Wasomi hutuita walaji.
Sijui kwa nini, maana tunaoliwa ni sisi.

Basi nataka mashine, kwa bei mliyoniita nayo usiku.
Au pesa iliyo pesa, pamoja na riba ya siku tisa.
Nawapa hadi mwisho wa mwezi.
Baadaye nitafunga kibanda siku moja, nioshe viatu,
niende mahakama ya madai madogo.
Wameipa jina zuri. Madogo.
Sindano nayo mmewahi kuiona?

Wenu,
Rodah.

Nilisahau: Everlyne ameniuliza kama vocha hii ina mwisho.
Nikavaa miwani, nikaisoma hadi chini kabisa.
Inaisha Jumapili.