Mtande Ulielekea Wapi

Saa mbili asubuhi, Łódź. Theluji ya jana imekuwa tope.
Nawasha mashine ya kuvuta; inakoroma, inatulia.
Taya mbili za chuma, na kati yake
kipande cha wavu chenye upana wa sentimita moja,
chepesi, hata pumzi yangu inakitikisa.

Navuta.
Nyutoni kumi na sita: kwa hesabu zetu
huo ndio mzigo wa kikohozi kikali.
Wavu unanyumbuka asilimia saba, unagoma.
Thelathini, haujali.
Sitini, haujali.
Nyuzi zake hazina habari ya kuugua.

Kisha zamu ya utando mweupe wa tumbo
wa mtu aliyetuachia mwili wake.
Jina silijui. Kwenye chupa pana namba 41
na mwandiko wa Gracjan, umeinama kama mlevi.
Kwa mzigo uleule
unakwenda asilimia ishirini na tano kwa wima;
kwa mlalo, hata nusu haifiki.
Nikiulegeza unarudi polepole,
kama mtu aliyepitia njia ya mbali makusudi.
Nikiuzidishia, unachanika.
Naandika: *dhaifu*. Nalifuta neno.
Naandika: *unakubali*.

Jumapili nilikuwa kwa baba.
Zenobiusz, miaka thelathini na minane kwenye mashine za kufuma,
akibeba marobota ya uzi ambayo yalitaka watu wawili,
mpaka ngiri ikamchimba kinenani.
Wakamtia wavu. Ufa ukazibwa.
Lakini ukuta huu si wa matofali:
unacheka, unapiga chafya, unainama kufunga kamba za viatu.

Alitia pilipili manga kwenye supu ya kabichi
na chafya ikamjia.
Akashika ubavu wa chini, kijiko kikaanguka.
“Ni kama nimeshonewa bahasha,” akasema,
“na kona yake ina barua ya kunidai.”

Nikamweleza: kovu huota kwenye matundu ya wavu,
huufinya, huukaza,
na penye kigumu kilichoshonwa kwenye laini
ni mshono unaolia, si kiraka.
Nilisema kitaalamu kuliko hivyo.
Alinisikiliza huku akifuta meza.

Halafu akauliza, fundi yule,
kama mtu anayeuliza bei ya mkate:
“Mtande ulielekea wapi?”

Baba?

“Kitambaa chochote kina upande unaokubali na upande unaokataa.
Wakati wa kunishonea,
mtande waliuelekeza kichwani au kiunoni?”

Sikujua. Daktari naye asingejua:
wavu hutoka kwenye pakiti mweupe pande zote,
mraba usio na juu wala chini.

Leo nimekata vipande kumi na viwili,
sita kwa urefu, sita kwa upana.
Mchana Gracjan amekuja na chai, ametazama mistari kwenye skrini:
sita imepanda kama ngazi, sita kama kilima.
“Wavu ni uleule?” ameuliza.
Uleule.

Nimefungua droo ya vifungo na mikasi.
Ndani mlikuwa na uzi wa buluu, mabaki ya sweta ya mtu.
Nimeupitisha kwenye matundu, mshono mmoja mmoja,
kufuata upande unaonyumbuka.
Si wa kutiwa mwilini. Ni wa kumwonyesha mkuu wa idara kesho,
ambaye huenda akasema gharama.

Baba amepiga simu. Amekohoa, nami nikahesabu:
kumi na sita, kumi na sita, kumi na sita.