Chini ya Hapa Usiguse

Sampuli ya mia tatu na kumi na tisa
imeshindwa leo, saa tisa alasiri.
Kimeng'enya hakikutikisika.
Nimeandika daftarini: *hakuna*,
neno ambalo mkono wangu sasa huliandika wenyewe.
Nimeosha vioo, nimezima feni,
nimepanda basi la Plovdiv kwenda Elhovo
na mfuko wa mimea mibichi mapajani,
maji yake yakinivujia viatuni.

Mama yuko mlangoni, koti kalivaa kinyume.
“Stanka!” ananiita.
Stanka ni dada yake, yumo ardhini
tangu ule mwaka wa ukame.
Zamani nilibisha: mimi Zornitsa, mama, Zornitsa wako.
Siku hizi naitika.
Anayeitwa akinyamaza,
anayeita hubaki peke yake gizani.

Usichana wake aliumalizia kinamasini,
maji magotini, mwezi wa tano,
akivuna majani haya kando ya mto Tundzha,
akiyauza kwa kilo kwa ushirika.
Huko kiwandani yalichemshwa, yakakamuliwa,
magunia kwa magunia, hata ukapatikana
unga mweupe wa kujaza kijiko.
Hakuambiwa dawa ni ya nani.
Sasa ni yake: kidonge asubuhi, kidonge jioni,
na kukimeza husahau.

Dawa hiyo haifungi mlango.
Huuzuia tu kwa mguu, na mguu huchoka.
Ndiyo maana napekua magome, kuvu, mizizi,
hata magugu ya reli nyuma ya stesheni,
na Kiril kila Jumatatu ananikumbusha
kwamba fedha zinaisha Septemba.

Natandaza mimea mezani. Hii yaitwaje, mama?
Anatazama dari. Jina limeshakwenda.
Lakini kidole gumba kinateremka kwenye bua,
kinapapasa, kinasimama
vidole viwili juu ya tunguu.
“Kata hapa. Chini ya hapa usiguse.
Ukiliacha, mwakani litarudi.”
Kisha ananikazia macho:
“Nani kaling'oa hili?”

Mimi, mama. Kwa haraka. Mimi mwenye shahada.

Tumetafuta ndoo, tumetafuta udongo.
Tumelifukia kwa taa ya jikoni,
mikono minne, hatusemi.

Kesho, sampuli ya mia tatu na ishirini.
Kwenye safu ya mvunaji, ninayoiacha tupu siku zote,
nitaandika Todorka Hristova Valcheva,
polepole, herufi kwa herufi,
kama mtoto anayejifunza.