Namba B

Tulilinunua Igurusi, kwa bwana wa maghala ya mpunga:
Eskudo ya namba B, rangi ya majivu ya jana,
kilomita zake zimerudishwa nyuma na mtu asiyemwogopa Mungu.
Mume wangu alilizunguka mara tatu, akapiga teke gurudumu
kama wanaume wapigavyo wasichokijua.
Mimi ndiye niliyetandika kanga nikalala chini, nikatazama uvungu.
"Linavuja," nikasema. "Toa laki nne."

Miaka kumi na miwili likawa gari la nyumbani.
Lilijua njia ya Meta saa nane za usiku,
mimi na gauni langu la ukunga, wiper moja inafanya kazi.
Lusekelo alitapika pale Uyole, kwenda na kurudi.
Bupe alijifunza kusoma kwa vibao vya barabarani,
akasoma "Punguza Mwendo" kila mara nilipochelewa.
Jumapili kwaya ilijazana nyuma, sauti ya pili
imeikalia sauti ya nne.
Mama mkwe alipofariki, jeneza halikuenea.
Tukaenda naye hadi Tukuyu mlango wa nyuma wazi,
umefungwa kwa kamba ya katani,
ukungu ukiingia kama jamaa waliochelewa.

Kisha watoto wakaondoka, mmoja mmoja,
nami nikastaafu.
Kuku akaanza kutagia chini ya injini.

"Uza, mama," walisema kwenye simu,
kila mmoja kutoka mji wake.

Asubuhi moja nikachukua spana namba kumi na nne
nikafungua kiti cha nyuma.
Chini yake: senti, maganda ya karanga,
na jino la utotoni,
sijui la nani kati ya watatu.
Nikaliweka kwenye kisahani cha majivu.
Hakuna aliyewahi kuvuta sigara humo.

Fundi Lusajo wa Mwanjelwa akaliinua springi,
akalivalisha tairi za kashata,
akachomelea keria kwa mabomba ya kitanda cha zamani.
"Mama mkunga, unakwenda kupigana na nani?"
"Na kona za Matamba."

Mwalimu wangu alikaa kushoto, chupa ya chai katikati ya mapaja,
akihesabu kona. Kwenye ya thelathini akapotea,
akaanza upya, kwa zaburi.
Bonde la Usangu likashuka nyuma yetu
mpaka mashamba yakawa viraka vya shuka.

Kitulo mvua ilikuwa imetutangulia.
Maua, ndiyo, ya manjano, ya zambarau, mengine bila jina mdomoni mwangu,
na katikati ya maua, tope.
Tulizama hadi kwenye ekseli.
Vijana wawili wa Kikinga waliacha ng'ombe wao
wakaja wakicheka, wakaweka mabega.
Nikatia gia ndogo, nikatoa kichwa dirishani,
na sauti ikanitoka, ile ya miaka thelathini ya wodini:
"Sukuma! Bado. Pumua. Usisukume sasa. Sasa!"
Tope likatoa kilio chake cha kwanza,
nasi tukawa nje, tumelowa, wazima.
Mmoja akaniuliza, "Mama, ni mvulana au msichana?"
Nikawapa maandazi yote.

Usiku tulilala nyuma, palipokuwa kiti.
Baridi ya huko inaingia kwenye kucha.
Mume wangu akanyamaza muda mrefu, kisha:
"Hapa ndipo alipolala mama."
"Ndiyo."
"Ni pembamba."
"Basi sogea."
Akasogea, akanikanyaga.

Alfajiri Bupe akapiga, mtandao unakatika:
"Mama, mko wapi?"
Nikamjibu kweli: sijui, mwanangu.
Kuna kilima, na kingine nyuma yake.
Gari likakataa mara mbili, la tatu likakohoa, likawaka,
na jino, la kwake au la nani,
likaanza kugonga kwenye kisahani.