Rivasi

Fundi Marlys alichomoa kijiti cha oili,
akakipangusa kwenye karatasi nyeupe:
nyeusi tititi, inanuka mkate ulioungua.
"Orest," akasema, "gia zimejitafuna."

Kuisuka upya: dola elfu tatu na mia mbili.
Lori lenyewe, ukilinadi na theluji yake juu,
halifiki elfu mbili.

Ipo giaboksi nyingine, skrepa ya Yorkton,
imetoka kwenye lori lililobiringika mtaroni.
Dhamana siku tisini.
Siku tisini huku,
baridi haijavua hata koti.

"Lilikuwa la nani?"
Marlys akainua mabega. Vyuma havina ukoo.

Lakini hili namjua aliyelichosha:
baba, mguu mzito, buti la mpira,
hakulibadilishia oili hata mara moja.
Kisichovuja, alisema, hakidai.

Nikaaga, nitafikiri.
Gia ya kwanza ikagoma. Ya pili, injini ikanguruma,
magurudumu kimya.
Rivasi tu ndiyo iliyoshika.
Basi nikaenda nyumbani kinyumenyume,
kilomita sita za changarawe, shingo imepinda,
mashamba yakinijia kisogoni,
na ghala la Petryk, miaka hamsini jirani,
kumbe lina dirisha upande wa pili.

Verna mlangoni, unga hadi viwikoni:
"Limepona?"
"Linajua kurudi."

Jumatatu nitampigia Marlys.
Aifungue.
Alivyovila baba nataka nivione mezani
kabla sijavilipia.