Siku ya Ishirini na Nane

Nilipofika Hope nilidhani wenyeji wameliita bonde lao Tumaini.
Bwana Ollerenshaw, aliyelipua miamba miaka thelathini na mmoja,
alicheka mpaka akakohoa:
"Si tumaini, binti. Ni neno la kale.
Maana yake bonde. Bonde tu."

Basi bonde tu.
Juu yake vilima viwili vinatazamana,
Cha Kushinda na Cha Kushindwa,
ndivyo ramani inavyoviita,
na chini, bomba la tanuri letu limenyooka
kama mkono wa mwanafunzi
ambaye mwalimu hataki kumwona.

Kazi yangu ni kuvunja.
Nauweka mchemraba wa zege kati ya mabamba ya chuma,
naukandamiza hadi useme kweli yake.

Waliosema penye moshi pana moto
hawakuijua hewa hii isiyo na moshi.
Watu hulaumu makaa, na makaa yana lawama,
lakini jiwe lenyewe ukilichoma hutoa pumzi:
katika kilo mia za jiwe safi la chokaa
arobaini na nne hupaa,
hata ungelichoma kwa jua.
Ni pumzi ya makombe, ya viumbe wa bahari
iliyokuwa hapa kabla ya kondoo, kabla ya jina.
Walijifungia ndani ya mwamba, wakakomea mlango, wakalala.
Sisi tukabisha hodi kwa moto.

Kwetu Siyu wajomba zangu walichoma matumbawe
juu ya magogo ya mkoko, wakapaka misikiti.
Siwacheki, wala siwatakasi.
Tanuri lao lilikula wiki moja, likapoa.
La hapa halijui Ijumaa wala Jumapili.

Novemba walikuja wageni na kofia mpya za plastiki.
Walipiga picha miche iliyopandwa langoni,
wakaisifu, wakanywa chai, wakaondoka.
Nyumba njema si mlango, nikasema moyoni,
nikarudi kwenye udongo wangu.

Udongo, ndiyo: wa mfinyanzi,
uliochomwa kwa moto mdogo kuliko wa tanuri kuu,
ukasagwa pamoja na chokaa mbichi,
klinka tukaipunguza hadi nusu.
Siku ya kwanza mchemraba ulimeguka kama kashata.
Meneja, Bi Heathcote, alizifuta chembe kwenye mkono wa koti lake.
"Mkandarasi anataka kubandua mbao keshokutwa.
Nani ataungoja udongo wako?"
Sikuwa na jibu.
Niliizamisha kumi na mmoja iliyobaki ndani ya maji,
nikaiandika tarehe kwa penseli ya nta.

Siku ya saba: afadhali.
Siku ya kumi na tisa haikuwa na kipimo chochote,
ila nilikwenda kuichungulia,
kama mtu anayemgusa paji mtoto mwenye homa.

Siku ya ishirini na nane, saa kumi alasiri, giza tayari.
Nikayabana mabamba.
Ishirini. Thelathini.
Mashine ikaguna.
Arobaini.
Arobaini na tatu, ndipo ukapasuka,
ukaacha piramidi mbili zilizogusana ncha.
Jirani yake, wa saruji ya kawaida,
alikuwa ameishia arobaini na moja.

Nilimpelekea Ollerenshaw kipande.
Kwenye kizingiti cha dirisha lake kuna vumbi
ambalo marehemu mkewe alilipangusa kila asubuhi;
yeye haligusi, ila anapopiga hesabu.
Alikipima kipande kiganjani, akakinusa.
"Pumzi imepungua kiasi gani?"
"Theluthi. Pengine na ziada kidogo."
Akaandika vumbini kwa kidole, moja juu ya tatu,
akaitazama kwa muda mrefu.
"Na zile mbili?"

Nje, tanuri lilikuwa likinguruma.
Nilivaa glovu zangu.
Kesho nina sita mingine ya kuvunja.