Sikio la Ukutani

Kuta zina masikio; moja ni langu.
Miezi kumi na minne, Reggio, ghorofa ya chini kabisa,
chumba kisicho na dirisha, feni yenye pumu,
hedifoni zimenichimbia mfereji kwenye nywele,
nami namsikiliza Fortunato Laganà akiishi.

Sijapata kumwona ila kwenye picha moja,
ya harusi, nusu uso, mkono begani mwa mtu aliyekatwa.
Lakini kikohozi chake cha alfajiri nakijua.
Najua hupiga mluzi akitafuta funguo
na hunyamaza akizipata.
Najua goti la mamaye, Bi Carmelina, hutabiri mvua
kuliko redio,
na jino la Noemi, bintiye wa miaka sita, limelegea
na hataki livutwe.
    Vuta.
    Sivuti.
    Vuta, baba akupe yuro mbili.
    Tano.
Nikacheka peke yangu. Kapteni Brancati akageuka.
Nikaandika: mazungumzo ya kifamilia, hayana uzito.

Kisha, tarehe tisa Julai, akamwambia mtu wa bandarini
bergamoti zimeiva.
Julai!
Huku kwetu hata kichaa anajua
ndimu hizo za manukato huchumwa Novemba,
vidole vimekufa ganzi.
    Ngapi?
    Mia mbili na arobaini. Zimelala na ndizi, toka Guayaquil.
Nikaandika: yana uzito.
Mwandiko mzuri, wa kutulia,
kama mtu anayejaza kadi za mwaliko.

Nani alinifundisha kupepeta hivi,
hili la nyumbani, hili la jinai,
mchele huku, chuya kule?
Koo ni lile lile.

Agosti walimsahau kijana ndani ya kontena la ubaridi.
Santo, miaka kumi na tisa, kibarua
wa kuingia usiku, kukata lakiri, kutoa mabegi, kutoka.
Mlango ulijifunga; mlinzi aliyehongwa alibadilishiwa zamu.
Walimkuta amejifunika maboksi ya ndizi.
Nilimsikia Fortunato akipewa habari.
Akanyamaza. Sekunde tisa, mashine haidanganyi.
Tisa ni nyingi. Nilianza kumwombea aseme neno.
    Na mzigo?
    Mzigo mzima.
    Haya.
Halafu akapiga nyumbani kuuliza kama Noemi amekula.

Tuliwaingilia Septemba, saa kumi na moja alfajiri.
Nasema tuliwaingilia; mimi nilikuwa kitini, feni ikikoroma.
Mlango ulivunjika kama muwa.
Mabuti, majina, chini, chini, kitu cha udongo kikapasuka,
Bi Carmelina akiwaita watakatifu mmoja mmoja
kama watu anaowadai.
Fortunato hakusema kitu. Alikohoa tu, kikohozi kile.
Wakaondoka naye,
na hakuna aliyekumbuka kinasa sauti nyuma ya friji.
Friji ikanguruma. Ikatulia.
Kisha karibu, karibu mno, kama ajuaye nilipo,
sauti ndogo yenye upepo mpya katikati:
    Limetoka.

Kapteni alileta keki. Tulipiga makofi.
Taarifa ya habari ilisema kilo mia mbili thelathini na nane.
Nilifungua daftari langu, nikaisoma ile arobaini,
nikaifunga. Brancati alikuwa anafuta malai kidoleni
akinitazama.

Nyumbani Tito aliniuliza kazi ilikuwaje.
Nikafungua bomba la jikoni hadi mwisho,
maji yakapiga kelele ndani ya sinki,
ndipo nikamjibu.