Fomu ya Staji

Ijumaa saa sita, mwisho wa kurudisha.
Fomu ina visanduku viwili:
kubaki Lubumbashi, au kwenda Kasenga miezi mitatu.
Katibu wa kitivo kasema, Amua, Ngoie, usinijazie meza.

Kasenga naijua kwa samaki tu,
wale wakavu anaowauza mama kibandani Ruashi,
wanaofika juu ya magunia ya makaa, macho wazi,
kama abiria ambao hawakulala njiani.

Hapa tunasimama kumi na wanne kwa kitanda kimoja.
Mimi ni wa nyuma. Profesa anapoeleza moyo uliovimba
naona kola ya Mukalay, na jasho lake.
Mwaka mzima nimesomea shingo ya mtu mmoja,
tena mtu mzima wa afya.

Kule, aliniambia Chola aliyerudi Machi,
daktari ni mmoja, jenereta ni moja,
na wote wawili huzimika saa nne usiku.
Mkunga atakuita kwa jina, atakumulikia kwa simu,
utampokea mtoto kwa mikono hii hii
inayokata vitunguu.
Wa kwanza nusura nimwangushe, alisema Chola,
akacheka, halafu akaacha kucheka.

Lakini sura isiyoonekana haiandikiwi barua.
Atakayechukuliwa kwa upasuaji ni yule anayekumbukwa,
hata kama anakumbukwa kwa kuchelewa.
Nikirudi na vumbi la Kasenga, na watoto ishirini nyuma yangu,
profesa ataniuliza: Wewe ni wa mwaka gani?

Halafu kuna stetoskopu.
Tuliinunua wawili, mimi na Mukalay, nusu kwa nusu.
Jumatatu na Jumatano yangu, yeye ana siku zake,
Jumapili ni ya mama: mashine ya presha ya kuazima,
mkono wake juu ya meza yenye magamba.
Nenda nayo, kasema Mukalay jana,
haraka mno, kama mtu anayelipa deni mbele za watu.
Sikumjibu. Najua ataweka sikio tupu vifuani,
na bibi wa kitanda cha tisa
atamwambia aoe kwanza.

Mama nilimweleza usiku, bukari ukipoa.
Hakusema nenda, hakusema kaa.
Aliuliza tu: Huko samaki wanauzwaje?
Nikasema sijui.
Basi kuna mtu anapaswa kwenda kujua, akasema,
akavuta bakuli la mboga upande wake.

Presha yake ilikuwa kumi na sita kwa kumi.
Nilipima tena. Kumi na sita kwa kumi.
Dawa anazo; anazinywa akikumbuka,
na anayemkumbusha ni mimi.

Leo Alhamisi, umeme umekatika tangu magharibi.
Nimetia alama kwenye Kasenga, kwa penseli, nyepesi,
mtu akipuliza itatoka.
Kesho asubuhi nitapita kwa Mukalay
kuazima kalamu.